Uzi: Salsa mbichi ya nyumbani kwa nyanya za soko letu, isiyogeuka maji

#1 NyanyaMbivu (Umoja)

Habari za jioni wadau wa jikoni. Kila mtu akiuliza humu salsa ipi ya chupa inafaa kwa nyama choma au chipsi za mahindi, majibu huja na majina ya supamaketi na bei za kuumiza. Mimi nasema hivi: ukiishi Nairobi na kibanda cha mama mboga kiko hatua chache kutoka langoni, salsa ya chupa huihitaji. Ile imepikwa ili ikae rafuni miezi, ndiyo maana inanukia nyanya iliyochemka na siki. Salsa mbichi, ile ambayo kule Meksiko huitwa pico de gallo au salsa fresca, haioni moto kabisa. Inakatwa, inatiwa chumvi na ndimu, inaliwa siku hiyo hiyo. Nyanya, kitunguu, pilipili, dania, ndimu, chumvi. Hakuna hata kimoja cha kuagiza mbali.

Tatizo ni moja, na nimelikuta kwenye meza nyingi: maji. Bakuli linaletwa likiwa zuri, baada ya muda mfupi chini kuna dimbwi jekundu na juu kuna vipande vya nyanya vilivyopoteza ladha. Watu huilaumu nyanya, au huongeza chumvi, na chumvi ndiyo inayozidisha maji. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ukiikata na kuitia chumvi, maji hayo yatatoka utake usitake. Kwa hiyo yatoe mapema, wewe mwenyewe, kwenye chujio, kabla hujachanganya chochote. Ukishika hilo, mengine yote ni kurekebisha tu.

Tuanze sokoni. Ukienda Marikiti, Muthurwa, Kangemi au Toi, angalia umbo. Zile ndefu zenye umbo la yai, jamii ya Rio Grande, zina nyama nene na mbegu kidogo. Zile za duara zenye ngozi laini, kama Money Maker, zina utamu lakini pia maji mengi. Kwa salsa chukua ndefu. Nyingi zinazotufikia kutoka Kirinyaga na upande wa Loitokitok huchumwa zikiwa zimeanza tu kugeuka rangi, kwa sababu lazima zivumilie safari ndani ya kreti. Ndiyo sababu nyanya ya kununua na kukata papo hapo mara nyingi huwa ngumu na haina harufu. Nunua Alhamisi kama wageni ni Jumamosi. Zitandaze kwenye sinia, kikonyo chini, mbali na jua, na usizitie kwenye friji. Baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi huizuia nyanya kutengeneza harufu yake, na ikishapotea hairudi vizuri hata uitoe nje. Siku ya kukata, inusie pale kwenye kikonyo. Ikinukia shamba, iko tayari. Isiponukia kitu, subiri.

Kwa watu 4 au 5 mimi hutumia nyanya nusu kilo, kitunguu chekundu cha wastani nusu, pilipili ndefu moja, dania kiasi cha kujaza kiganja, ndimu moja yenye maji au mbili kama ni kavu, na chumvi kijiko cha chai kisichojaa.

Kata nyanya vipande vidogo, ukubwa wa punje ya haragwe, kwa kisu kikali. Kisu butu kinaiponda badala ya kuikata na unapoteza maji ubaoni. Kuna wanaofundisha kutoa ute wote wa mbegu na kuutupa, msifanye hivyo. Ule ute una glutameti nyingi kuliko nyama ya pembeni, na glutameti ndiyo inayoipa nyanya ule utamu wa mchuzi. Weka nyanya zote pamoja na ute wake kwenye chujio juu ya bakuli, nyunyiza nusu ya chumvi, geuza kwa mkono, acha dakika 20. Utasikia matone ya maji yakianza kudondoka moja moja kisha kwa mfululizo. Mwisho wake utakuta robo kikombe au zaidi ya maji ya rangi ya chungwa hafifu, na nyanya zimenywea kidogo, zimeng'aa na zimekolea.

Wakati huo kitunguu kikatwe kidogo zaidi ya nyanya, kimiminiwe maji ya ndimu na kukaa humo. Ukali wa kitunguu kilichokatwa hupungua kwenye asidi, na rangi yake ya zambarau hugeuka waridi kali ndani ya dakika chache. Kisha pilipili. Kisha dania, pamoja na vijiti vyake vyembamba, kwa sababu harufu iko huko pia.

Changanya vyote, onja, ongeza chumvi iliyobaki kidogo kidogo. Yale maji ya nyanya usiyamwage. Rudisha kijiko kimoja au viwili kama unaona imekauka, yanayobaki yatie kwenye mchele unaochemka au kwenye supu. Acha salsa ikae dakika 10 zijuane, halafu onja tena ukiwa na kile utakacholia, si kwa kijiko kitupu. Chipsi za mahindi zina chumvi yake, nyama choma ina yake, viazi vya kuchemsha havina.

Karibuni kwa maswali.

#2 BintiKisauni (South B)

Kaka NyanyaMbivu, asante kwa maelezo ya kina, lakini niruhusu nitie neno la watu wa Pwani. Hicho ulichoeleza kwetu ni kachumbari. Nyanya, kitunguu, pilipili, ndimu, dania. Nimekula hicho na pilau tangu utotoni. Sioni kwa nini mtu wa Nairobi aingie gharama ya kujifunza chakula cha Wameksiko wakati anacho tayari.

Na kwenye kitunguu, sisi tuna njia bora kuliko hiyo ya ndimu. Unakikata, unakitia chumvi ya kutosha, unakifikicha kwa mkono mpaka kilegee na kitoe povu, kisha unakiosha kwa maji mara mbili tatu na kukikamua. Mtu anakula sahani nzima na jioni anaongea na watu bila wasiwasi.

#3 NyanyaMbivu

Dada BintiKisauni, sina ugomvi na kachumbari hata kidogo. Ni ndugu wa damu. Nyanya na pilipili zote mbili asili yake ni Amerika, zilivuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania, na kila pwani ikazifanyia kazi kwa mkono wake.

Tofauti ninayoiona iko kwenye kisu na kwenye kazi. Kachumbari yako inakatwa vipande vyembamba virefu ili vikae pembeni ya pilau au biriani vikivunja mafuta. Inatakiwa iwe na mlio mdomoni, na maji yake yakichuruzika kwenye wali si kasoro, yanatakiwa. Salsa inakatwa ndogo ili kijiko au chipsi ichote kila kitu kwa mara moja. Ndiyo maana maji yanaiharibu. Chipsi ikilowa, imekufa.

Hiyo ya kufikicha kitunguu kwa chumvi naikubali kabisa, hasa kwa vile vitunguu vikali vinavyokuja msimu wa mvua. Kwa salsa ningefikicha kwa upole zaidi, nikaosha mara moja, halafu ndiyo nikakitia kwenye ndimu. Ukikikamua mno kinapoteza mlio.

#4 RoysambuJuu

Mimi naishi bedsita, nina meko ya gesi, sufuria mbili na blenda niliyopewa na dadangu. Naweza kurusha kila kitu kwenye blenda nikamaliza kwa dakika moja?

#5 NyanyaMbivu

Kwa hii ya mbichi, hapana ndugu yangu. Blenda inapiga hewa ndani ya nyanya, unapata povu la waridi badala ya salsa nyekundu, na kitunguu kibichi kikisagwa kwa kasi kinatoa uchungu unaozidi kadiri kinavyokaa. Kisu na ubao vinakutosha.

Lakini ukiwa na meko una bahati ya kutengeneza ile nyingine, ya kuchoma, na huko blenda inaruhusiwa. Weka sufuria kavu au kikaango cha chuma kwenye moto mkali, bila mafuta. Panga nyanya nzima, nusu kitunguu, pilipili, na punje mbili za kitunguu saumu zikiwa na maganda yake. Ziache ziungue hasa. Unataka madoa meusi kwenye ngozi na nyanya ipasuke ianze kulia pembeni. Kitunguu saumu kitoe mapema, kinaungua upesi. Ukiwa na jiko la makaa na wavu ni bora zaidi, ule moshi unaingia. Menya kitunguu saumu, acha ngozi nyingi ya nyanya pamoja na weusi wake, tia chumvi, saga kwa mipigo mifupi mitatu minne tu. Ikipoa, ndimu na dania.

Mwenye kinu asiguse blenda. Kule Meksiko wana kinu cha jiwe la volkano kiitwacho molcajete, na utaratibu wao unafaa kuigwa: anza na chumvi, kitunguu saumu na pilipili mpaka iwe uji, ndipo utie nyanya na kuziponda kwa kuzungusha. Chumvi inafanya kazi ya mchanga, inasaga maganda ya pilipili mpaka yanaisha.

#6 Mwangi_wa_Kasarani

Mapishi yote ya mtandaoni yanasema jalapeño. Nimeziona za kopo tu, zile za siki. Nitumie nini?

#7 NyanyaMbivu

Za kopo ziache kwa matumizi mengine, siki yake inafunika nyanya. Jalapeño mbichi huonekana mara chache kwenye maduka makubwa ya mboga, lakini huna haja ya kuitafuta. Ukali wa pilipili hupimwa kwa vipimo vya Scoville. Jalapeño iko kati ya 2,500 na 8,000. Serrano, ambayo Wameksiko wengi huipenda kwa salsa mbichi, ni 10,000 hadi 23,000. Pilipili zetu ndefu hutofautiana sana, kwa hiyo kata ncha uonje kabla ya kuamua kiasi. Pilipili kichaa inaweza kufika 50,000 hadi 100,000, na ile pilipili mbuzi iko kwenye ukoo wa habanero, 100,000 kwenda juu. Pilipili mbuzi ina harufu nzuri ajabu ya tunda, lakini robo ya moja inatosha bakuli zima.

Jambo ambalo wengi hulikosea: ukali hauko kwenye mbegu. Uko kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu huwa kali kwa sababu zimegusana nao. Ukitaka harufu bila moto, pasua pilipili kwa urefu, kwangua utando wote kwa ncha ya kijiko, kata nyama peke yake. Mkono paka mafuta ya kupikia kabla ya kushika, kisha nawa kwa sabuni, maana kile kikali hakiyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta. Kwa sababu hiyo hiyo aliyeungua mdomo mpe mala au maziwa. Maji yanasambaza tu.

Pilipili hoho si mbadala. Ni tamu na ina maji yake. Watoto wawekewe kama wanapenda, lakini bakuli lao liwe pembeni.

#8 MuuguziMstaafu

Watoto wangu, chakula ni kizuri lakini hakuna aliyegusa usafi, nami nitasema kwa sababu nimehudumia wagonjwa wa kipindupindu katika jiji hili zaidi ya mara moja.

Salsa haipikwi. Kila kilichokuwa kwenye dania kitafika tumboni. Sehemu ya mboga zinazouzwa Nairobi hulimwa kando ya mito ya jiji kwa maji yenye taka za choo, na ukiangalia fungu la dania sokoni huwezi kujua limetoka wapi. Msidanganyike kwamba ndimu inaua kila kitu. Inapunguza, haihakikishi.

Nyanya zioshwe zikiwa nzima, chini ya maji safi yanayotiririka, mzisugue kwa vidole, hasa pale kwenye kikonyo. Msiziloweke kwenye beseni la maji baridi: nyanya yenye joto ikizama kwenye maji baridi inaweza kuyavuta ndani kupitia kovu la kikonyo, pamoja na vijidudu vyake. Dania ifunguliwe fungu, mizizi ikatwe, majani yasukwe kwenye bakuli la maji yaliyochemshwa na kupoa au yaliyotiwa dawa ya kusafisha maji. Yainue, msiyamimine, maana mchanga uko chini. Rudieni mpaka chini ya bakuli kusiwe na punje. Ubao uliokatia nyama mbichi usikaribie hapo.

Wamarekani wenyewe, pamoja na mitambo yao, mwaka 2008 walipata mlipuko wa Salmonella, bakteria wa kuharisha, uliowafanya watu zaidi ya 1,400 waugue. Kwanza walizilaumu nyanya, wakulima wa nyanya wakapata hasara kubwa, baadaye uchunguzi ukaelekea kwenye pilipili mbichi za jalapeño na serrano. Kwa hiyo pilipili nayo ioshwe. Watu wanaisahau kwa kuwa ni ndogo.

Na ikishakatwa, isikae nje zaidi ya saa mbili. Baridi ya Julai ya hapa si friji.

#9 NyanyaMbivu

Shikamoo mama, na asante sana. Hili lilistahili kuwa kwenye ujumbe wa kwanza. Wadau someni namba 8 kabla ya kushika kisu.

#10 SmokiStendi (Githurai)

Mama, shikamoo. Mimi nauza smoki (soseji za moshi) na mayai ya kuchemsha stendi, kuanzia saa tisa hadi usiku. Wateja wanapenda kachumbari, na wengine wa chuo wameanza kuuliza salsa. Nikitengeneza ndoo asubuhi itafika usiku?

#11 MuuguziMstaafu

Mwanangu, ndoo ya asubuhi hapana. Saa mbili ni saa mbili kwa muuzaji kama kwa mpishi wa nyumbani, na kwako hatari ni zaidi kwa sababu kijiko kinaingia na kutoka na mkono huo huo unapokea pesa. Tafuta kisanduku cha barafu chenye mfuniko. Gawanya kwenye vikopo vidogo vilivyofungwa, toa kimoja kimoja, kikiisha ndipo utoe kingine. Kilichobaki usiku kimwagwe. Na weka beseni la kunawia lenye bomba, si la kuzamisha mikono.

#12 NyanyaMbivu

Naongezea ya upishi kwa SmokiStendi: usichanganye mapema. Kopo moja nyanya zilizokwisha kuchujwa kwa chumvi, kopo jingine kitunguu na pilipili ndani ya ndimu, dania iliyokatwa kavu kabisa kwenye kopo la tatu, vyote baridini. Unachanganya kiasi cha wateja wa nusu saa. Dania ikikaa kwenye ndimu muda mrefu inakuwa ya kijani-kahawia na inanyong'onyea. Ukienda hivi mteja wa saa mbili usiku anapata ile ile ya saa tisa, na hakuna maji ya kuchuruzika kwenye karatasi ya smoki.

#13 ShambaGithunguri

Naona mmeganda kwenye nyanya. Huku Kiambu kila boma lina mti wa matundadamu, nanyi mnaishia kuyatengeneza juisi. Jaribuni kuyatia kwenye salsa. Mti huu asili yake ni milima ya Andes, na kule Ecuador mchuzi wa pilipili wa mezani mara nyingi hutengenezwa kwa tunda hili hili, wanauita ají de tomate de árbol.

Mimi hufanya hivi: matundadamu manne mekundu yaliyoiva mpaka yanabonyea, nayatia kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, ngozi inavuka yenyewe. Hiyo ngozi iondoeni yote, ni chungu. Nayasaga kidogo na pilipili kichaa moja na chumvi, kisha kitunguu kilichokatwa kidogo kabisa na dania vinaingia mwisho kwa mkono. Ndimu sitii, tunda lina uchachu wa kutosha. Inakaa vizuri sana na mbuzi wa kuchoma na viazi.

#14 NyanyaMbivu

ShambaGithunguri, hii nimeipenda mno. Ule uchachu wa matundadamu ni kama wa tomatillo, lile tunda la kijani lenye ganda la karatasi wanalofanyia salsa ya kijani, na ambalo hapa sijaliona sokoni. Kuna watakaofikiria nathi kwa kuwa nazo zina ganda kama hilo na kweli ni ukoo mmoja. Nathi zilizoiva ni tamu na zinafaa kwenye salsa ya matunda. Zikiwa mbichi za kijani msizitumie, zina sumu ya kuumiza tumbo.

#15 AkinyiWaDonholm

Mimi dania inanukia sabuni. Si utani, ni sabuni kabisa. Nyumbani wananiona msumbufu. Nitie nini badala yake?

#16 NyanyaMbivu

Si usumbufu dada. Majani ya dania yana aldehaidi, kemikali zinazopatikana pia kwenye sabuni, na baadhi ya watu wamezaliwa na jeni ya kunusa inayowafanya wazihisi kwa nguvu. Kwako wewe harufu hiyo iko kweli. Wengine husaidika dania ikipondwa sana kabla, kwa sababu kuponda kunazivunja, lakini kama inakukera iache. Tia majani ya kitunguu, ile sehemu ya kijani, pamoja na minti kidogo sana. Au giligilani kavu iliyokaangwa na kusagwa, robo kijiko. Ni mbegu za mmea huo huo lakini harufu yake ni nyingine kabisa na wengi wenye shida yako wanaipenda.

#17 ChamaChaEastleigh

Sisi ni kikundi cha akina mama, tuna mtaji kidogo na chupa. Tunataka kufunga salsa hii mbichi kwenye chupa tuuze kwa maduka ya mtaa. NyanyaMbivu tusaidie.

#18 NyanyaMbivu

Mama zangu, hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ni suala la uhai. Hii ya mbichi haifungwi chupani ikauzwa rafuni. Kwa namna yoyote.

Sababu ni hii. Kuna bakteria, Clostridium botulinum, anayeishi kwenye udongo na kustawi pasipo hewa, yaani ndani ya chupa iliyofungwa. Sumu yake haina harufu wala rangi na inapoozesha mwili. Anazuiwa na asidi: chakula kikiwa na pH (kipimo cha uchachu, kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) ya 4.6 au chini yake, hawezi kutoa sumu. Nyanya iko pale mpakani, mara nyingi kati ya 4.3 na 4.9 kutegemea aina na uivaji. Kitunguu, kitunguu saumu, pilipili na dania vyote viko juu ya mpaka. Ukivichanganya kwa makadirio ya mkono, hujui uko upande gani.

Salsa ya chupa salama ni ile iliyopikwa kwa vipimo vilivyopimwa na wataalamu, yenye siki ya asilimia 5 au maji ya limau ya chupa. Limau la chupa ni kwa kuwa asidi yake haibadiliki kama ya tunda. Kiasi cha kitunguu na pilipili hakiongezwi hata kidogo. Chupa zinachemshwa zikiwa zimezama ndani ya maji. Na hapa Nairobi kuna jambo ambalo mapishi ya watu wa pwani hayalisemi: tuko kwenye mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Miongozo ya Marekani ya salsa za chupa ya nusu lita husema dakika 15 kwenye nchi tambarare, 20 kati ya futi 1,001 na 6,000, na 25 juu ya hapo. Sisi tuko karibu kabisa na futi 6,000, na mtu wa Limuru amezipita. Kwa hiyo msikadirie. Nendeni na 25.

Kuuza madukani kunahitaji pia alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya) na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula. Kama mtaji ni mdogo, anzeni na ya mbichi kwa oda: mnatengeneza asubuhi ya sherehe, mnapeleka kwenye barafu, inaliwa siku hiyo. Harusi na ruracio (sherehe za mahari) haziishi katika mji huu.

#19 BintiKisauni

Nimejaribu ya kuchuja nyanya, kaka. Nimefanya jana na mahamri yaliyobaki niliyoyakata na kuyakausha kwenye oveni, tukachotea. Nimekubali ile chumvi kwenye chujio. Ila niliongeza embe bichi lililokunwa, sikuweza kujizuia.

#20 NyanyaMbivu

Embe bichi ni wazo zuri, na ukiliweka punguza ndimu nusu. Embe likianza kuwa jingi, kuanzia Novemba hadi Machi hivi maembe ya Makueni yanapofika, hata nyanya unaweza kuiacha kabisa: embe lililoiva ila bado gumu, kitunguu, pilipili mbuzi kidogo, dania, ndimu, chumvi. Inafaa sana na samaki wa kukaanga. Na msimu huo ndio mara nyingi nyanya inapanda bei mvua ikizidi na ukungu ukiingia mashambani, kwa hiyo mfuko nao unapumzika.

Chapati za jana nazo zikikatwa pembetatu na kukaushwa kwenye kikaango kavu zinachota vizuri kuliko chipsi nyingi za pakiti.

#21 Mwangi_wa_Kasarani

Avokado je? Nikitia inageuka nyeusi.

#22 NyanyaMbivu

Tumia avokado aina ya Hass iliyoiva, nyama yake ina mafuta mengi na haina maji kama zile kubwa za ngozi laini. Ikate mwisho kabisa, igeuze kwenye ndimu kabla haijagusa kitu kingine, ndipo uichanganye kwa kukunja, mara tatu nne tu. Weusi ni hewa. Ikibidi ikae, bandika karatasi ya plastiki juu ya salsa yenyewe bila kuacha nafasi, iweke baridini, na bado iliwe siku hiyo hiyo. Usihifadhi kwa kuacha kokwa ndani. Linalinda pale lilipogusa tu.

#23 RoysambuJuu

Nimechoma zangu leo kwenye kikaango. Nyumba nzima imenukia, jirani amegonga mlango kuuliza ninapika nini. Maswali mawili: imebaki nusu, inakaa muda gani? Na imetoka kali na bapa, yaani ina moto lakini kama kuna kitu kinakosekana.

#24 NyanyaMbivu

Safi sana. Ya kuchoma kwenye friji, kwenye chombo chenye mfuniko, siku tatu hadi nne. Hata friza inaivumilia. Ya mbichi siku mbili ni nzuri, ya tatu inalika, na friza usijaribu kwa sababu barafu inapasua nyanya na ukiiyeyusha unapata maji matupu.

Hilo la kukosa kitu karibu kila mara ni uchachu, si chumvi. Chukua kijiko kimoja pembeni, kamulia matone ya ndimu, onja. Ikifunguka, rekebisha bakuli zima vivyo hivyo. Isipofunguka, jaribu chembe za chumvi kwenye kijiko kingine. Na ule moto ukizidi, choma nyanya mbili zaidi uongeze. Sukari usitie. Nyanya ikiwa imeiva na kuungua vizuri, utamu wake unatosha.